Mwendo wa Msiba

Mwanamke wa miaka sitini na saba akionekana anatembea haraka saa moja asubuhi, bila mzigo kichwani wala mfuko wa sokoni mkononi, majirani huwa na maelezo mawili tu: ama amerukwa na akili, ama amefiwa. Fundi aliwajua majirani zake vizuri, na bado alitoka.

Alikuwa ameshona sare kiwandani kwa miaka thelathini na minane, na jina la kazi likambakia. Jina hilohilo ndilo lililomponza. Kila alipotaja mazoezi, wifi yake alicheka.

"Wifi, wewe umekanyaga cherehani maisha yako yote. Hiyo miguu inadai likizo, haidai mazoezi."

Cherehani ya kiwandani ni ya umeme. Mguu mmoja hubonyeza pedali, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango, na mwili wote uliobaki hukaa. Wifi hakuwahi kuingia kiwandani hata siku moja, na asiyekijua kitu ndiye hukieleza kwa kirefu.

Daktari wa moyo, mama mfupi asiyepoteza maneno, alimweleza kwa dakika nne. Shinikizo la damu lilikuwa mia na sitini na nane kwa tisini na sita, na ukuta wa moyo ulikuwa umeanza kunenepa kwa kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi. Hedhi ikishakoma, alisema, wanawake hupoteza sehemu ya kinga waliyokuwa nayo, na wengi hawaambiwi. Vidonge kila siku. Kutembea nusu saa, siku tano kwa wiki, na si kutembea kwa kuangalia maduka.

"Mwanangu anasema nipumzike," Fundi alisema.

"Mwanao ni daktari?"

"Ni meneja wa ghala."

"Basi ayapumzishe maboksi."

Magoti hayakumsumbua Fundi. Zilimsumbua salamu. Kila mlango ulikuwa na shikamoo yake, na kila shikamoo ilifuatwa na habari za asubuhi, za nyumbani, za wajukuu, za yule aliyekuwa anakohoa. Wiki ya kwanza alitazama saa: katika nusu saa, dakika kumi na saba alikuwa amesimama. Moyo ukianza kuchangamka, mtu anauliza habari za paka. Wiki ya pili akaamua: atainua mkono, na miguu itaendelea.

Jumatano ya wiki hiyo alimpita jirani wa nyumba ya tatu, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kuona pa kumzimia.

"Shikamoo mama! Mbona mbio hivyo?"

Fundi aliinua mkono. Mdomo ulikuwa wazi kwa kuhema, uso umelowa jasho. Redio aliona mdomo, akaona majimaji usoni, akajumlisha na salamu isiyoitikiwa, akapata maiti. Hakujua ni ya nani. Hilo halikumchelewesha.

Dakika ya kumi na tisa, wifi alimdaka Fundi kwenye kona, akamkumbatia na kulia begani mwake. Fundi alijaribu kuuliza kulikoni, lakini wifi analia kwa sauti ambayo haiachi nafasi ya maswali. Walipofika nyumbani, uani palikuwa na viti vya plastiki arobaini, na wanawake wamekwisha kupanga nani atapika. Mwanawe wa kwanza, Meneja, kama familia nzima ilivyomwita, alikuwa ameshuka garini na wenzake wawili wa kazini, tai shingoni, macho mekundu.

"Nani, mama?"

"Nani nini?"

"Aliyefariki."

"Hajafariki mtu. Nilikuwa natembea."

Kisha Meneja akakasirika, kwa hasira ya mtu aliyelia bure mbele ya wafanyakazi wake.

"Basi imetosha. Leo unahamia kwangu. Ghorofa ya nne, lifti ipo, dada wa kazi yupo. Hutainua hata kijiko. Gari litakuja saa kumi."

Fundi aliijua nyumba ile: kiti kikubwa, televisheni kubwa, na mlinzi getini aliyeambiwa bibi asitoke peke yake. Akienda kule, habari ya kutembea imekwisha.

"Mwanao anakuheshimu, wifi," wifi alisema, akifuta machozi yaliyokosa kazi. "Uzee ni kupumzika."

"Dada yangu alipumzika," Fundi alijibu. "Miaka sita kwenye kiti, nanyi mkimsifu kwa utulivu. Alipofia kwenye kiti hicho, mkaandika kaburini: pumzika kwa amani. Neno moja kwa mzee na kwa maiti. Mtu akilisikia, atajuaje yuko upande gani wa udongo?"

Mmoja wa wafanyakazi wa Meneja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Fundi akatazama saa ya mkononi. Za mwendo zilibaki dakika kumi na moja. Akaanza kuzunguka uani, nyuma ya viti, kwa mwendo uleule. Waombolezaji walivuta magoti ndani kumpisha. Meneja alitaka kugomba, na mtu anayegombana na anayetembea hana budi kumfuata.

"Mama, simama tuongee!"

"Ongea, nakusikia."

Mzunguko wa kwanza alizungumzia aibu. Wa pili, majirani. Wa nne, maneno yalianza kutoka vipandevipande.

"Nimesema... gari... saa..."

"Saa ngapi, baba?"

"...kumi."

"Daktari anasema mwendo mzuri ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba," Fundi alisema, bila kupunguza hatua. "Mimi naongea. Wewe umeishia wapi?"

Meneja alikuwa ameshika nguzo ya kamba ya nguo kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

"Bosi, unaumwa?" mfanyakazi wake aliuliza. Redio alikuwa amesogea karibu ili asikose jibu.

Gari halikuja saa kumi. Meneja hakushawishika, watu wa aina yake hawashawishiki. Alipima tu, akaona kwamba kumhamisha mama kungewafanya watu wasimulie sababu, na sababu ingekuwa na ile nguzo ndani yake.

Fundi aliendelea, siku tano kwa wiki. Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma mia na arobaini na moja kwa themanini na saba. Daktari hakumpongeza sana. Alimwambia vidonge viendelee na miguu iendelee. Wifi anasema ni dua zake. Meneja naye, kazini, huwaeleza watu kwamba wazee wasiachwe wakae tu, na kwamba kwa mama yake wazo la kutembea alilitoa yeye.