Neno la Tano

Baba alitoka wodini saa nne asubuhi, akiwa na sare ya wagonjwa na ndara miguuni, wakati muuguzi akitandika kitanda cha jirani. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka tangu mwaka jana. Mlinzi wa getini hakumwona akipita.

Mwanawe, mtunzi wa programu za kompyuta, alifika masjala akihema. "Mama, naomba muandike mgonjwa ametoweka. Polisi wanataka karatasi yenu."

Karani, mama wa makamo, alimgeuzia kompyuta aone. "Mwanangu, mimi nina maneno manne tu. Amelazwa, ameruhusiwa, amehamishwa, amefariki. Nikiweka jingine, inagoma."

Maneno yale aliyajua. Aliyaandika mwenyewe miaka sita iliyopita, alipoitunga programu ya hospitali hii, kwa mpangilio uleule. Lugha ya kompyuta aliyotumia ilitaka kila hali itajwe jina mapema, isiyotajwa haipiti. Msimamizi wake alipendekeza waongeze "mengineyo". Alikataa. "Hilo litakuwa jalala, kila mvivu atatupia humo." Wenzake wakamsifu.

"Basi acha amelazwa," alisema sasa.

"Aliyelazwa hatafutwi, yuko kitandani. Na kitanda chenyewe kina mtu anakisubiri."

Karani akabofya ameruhusiwa. Kituoni, askari aliisoma karatasi mara mbili. "Huyu hajapotea. Kaenda nyumbani kwa ruhusa ya daktari. Nyumbani mmeangalia?"

Mwana akampigia simu fundi wa programu aliyerithi kazi yake kwenye kampuni yake ya zamani.

"Pole sana, kaka. Neno naliongeza sasa hivi, lakini kila mahali panapotumia orodha ile panataka paambiwe la kufanya na neno jipya. Ni sehemu arobaini na moja, na zote zinagoma. Ndivyo ulivyoiandika."

Hakuwa akimlaumu, na hilo ndilo lililouma.

Walitafuta kwa miguu, yeye na dada yake: stendi, sokoni, kwenye mitaro. Kila jioni mama yao aliuliza polisi wamesemaje, naye akajibu wanafuatilia. Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayemhurumia mwongo.

Wiki ya tatu karani alipiga simu. "Neno lako limeingia, mwanangu. Nimbadilishie mzee?"

"Mbadilishie."

Alisikia vitufe vikigongwa. Kisha karani akamsomea neno la tano: "Ametoweka."