Futi ya Fundi na Kiuno cha Zimamoto

Mume wangu ni zimamoto, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kupanda ngazi ndefu ya lile gari jekundu. Mimi ni fundi cherehani. Kwa hiyo mkuu wa kituo chake alipotangaza kwamba atakayezidi asilimia ishirini na tano ya mafuta mwilini atashushwa kwenye gari la ngazi na kuketishwa ofisini kupokea simu, hatukuhangaika kutafuta wa kumpima. Futi ninayo shingoni kutwa nzima.

Hesabu yenyewe haina makuu. Unapima urefu, shingo, na kiuno usawa wa kitovu, unaziingiza namba kwenye simu, nayo inakutolea asilimia papo hapo. Jumamosi ya kwanza ilitoa ishirini na tisa.

"Hii simu ina chuki binafsi," akasema.

"Simu haina kosa, baba watoto. Kilaumu hicho kitambi."

Kuanzia siku hiyo akajifunga kibwebwe. Asubuhi anakimbia mpaka sokoni na kurudi. Sukari akaipa talaka. Kila Jumamosi nampima mbele ya kioo cha wateja, na namba inashuka taratibu: ishirini na nane, ishirini na saba. Ilipofika ishirini na sita ikagoma, wiki mbili mfululizo.

Mdomoni nilimtia moyo. Rohoni, nisiwafiche, nilikuwa nashangilia. Kila nikisikia king'ora mguu unaganda juu ya pedali. Mtu wangu kwenye meza ya simu, miguu chini, chai pembeni: nani asiyetaka?

Jumamosi ya mwisho, siku mbili kabla ya kipimo cha kituoni, akaingia chumba changu cha kushonea na bahasha mkononi. Ilikuwa barua ya kuomba ahamishiwe kwenye simu.

"Bora niombe mwenyewe kuliko kushushwa mbele ya wale vijana," akasema. Akaiweka bahasha juu ya cherehani. "Nipime mara moja tu, mama watoto. Ikizidi, naipeleka leo."

Akavua shati. Nikamzungushia futi kiunoni. Sentimita mia moja, kama Jumamosi iliyopita. Kabla sijafungua kinywa, nikamwona kwenye kioo anaukodolea macho mkono wangu.

"Hivyo vidole ni vya nani?"

"Vidole gani?"

"Hivyo viwili. Ndani ya futi."

Nikatazama. Kweli, vidole vyangu viwili vimelala kati ya futi na tumbo lake, vimetulia kama viko kwao. Ni mazoea ya ufundi. Usipoacha nafasi, mteja akiketi suruali inapasuka. Shingoni huwa naacha kimoja, kola isimnyonge mtu. Wiki zote hizo mikono yangu ilikuwa inampima nguo.

"Yaani umenishonea mafuta nisiyokuwa nayo!" Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka naye, kisha nikajikuta nalia.

"Sasa nini tena?"

"Nilikuwa nafurahi," nikasema. "Kila ilipozidi, nilifurahi. Sitaki upande tena ile ngazi. Naogopa, mume wangu."

Akavuta kiti cha wateja akakaa.

"Na mimi naogopa," akasema. "Kila siku. Lakini nikiwa juu kule, kuna mtu dirishani ananiona nakuja. Kwenye simu nitamsikia tu akipiga kelele."

Akasimama, safari hii akakipa kioo mgongo na kunyanyua mikono.

"Haya, pima unavyoona wewe. Sitaangalia. Na namba utakayonisomea, hiyohiyo nitaifuata."

Nilisimama na futi yangu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama mbele ya mteja yeyote. Kisha nikatoa vidole. Futi ikalala kwenye ngozi: tisini na saba. Shingo, thelathini na tisa. Nikaziingiza kwenye simu, nikasubiri.

Ishirini na nne nukta saba. Nikamsomea kwa sauti, yote, pamoja na ile nukta.