Jukwaa la Mwalimu Ondieki

Ijulikane kwa wakazi wote wa Nyanchwa, walioko kilimani na walioko bondeni, kwamba nyumba ya Mwalimu Ondieki imepata ukumbi wa sinema. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha kuwekea magunia ya mahindi, na sinema ilikuwa video za harusi za ndugu zake. Lakini mwalimu alikuwa amechoka kutazama visogo vya wageni, akataka viti vya nyuma viinuliwe.

Kazi alipewa Oketch, fundi wa pale Mosocho aliyetoka upande wa ziwani. Miaka yote watu walimjua kwa vitanda tu. Sasa aliinua jukwaa la mbao, na kati ya kila ubao na boriti yake akalaza kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Mbao zikisuguana zinapiga kelele," alimweleza Valentine, mwana wa mwalimu, aliyekuwa amefunga shule. "Hii inazinyamazisha."

Hakujua anamweleza nani. Valentine ndiye aliyewahi kulegeza kitanda cha kiranja bwenini mpaka kikalia kama punda. Jumamosi aliumwa tumbo, ule ugonjwa mtakatifu unaowapata vijana wakati wa ibada, akaachwa nyumbani. Basi siku ya Sabato yenyewe, kwa bisibisi ya babake, akafungua ubao wa katikati, akachomoa tyubu, akarudisha skrubu nusunusu, akatandika kapeti. Hapo ndipo Tata, yaani babake, angeketi kwa fahari zake zote. Jukwaa lingelia, watu wangecheka, yangeisha.

Jua lilipotua, Tata alirudi na Mzee Bosire wa kanisani. Oketch alikuwa nyuma yao, amevaa koti.

"Mzee amekuja kuona kazi," Tata alisema. "Kwaya inataka jukwaa. Akiridhika, fundi ni huyu."

Valentine aliwahi kuchukua birika. Nafasi ya kusema alikuwa nayo. Wageni walikunywa chai bila haraka, na aliyewamiminia ni yeye. Angeweza kusema, "Mzee, usipande kwanza." Alichosema ni, "Sukari inatosha?"

Mzee Bosire alipanda. Alipoinua mguu kuelekea katikati, Valentine, sijui kwa woga au kwa mazoea, aliangua kicheko kifupi. Kisha jukwaa likalia, kwiiiik.

Mzee akarudisha mguu, akakanyaga tena. Likalia tena.

"Fundi, huyu ni mimi peke yangu. Kwaya nzima ikipanda, mchungaji atasikika?"

"Mzee, jana halikulia. Naapa."

"Jana sikuwepo, ndugu yangu."

Akaaga kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. Tata alimsindikiza nje kutafuta bodaboda.

Oketch hakufunua kapeti. Alivua koti, akalikunja taratibu kama mtu ambaye hana pengine pa kulivalia, akamgeukia Valentine.

"Kijana, mbona ulicheka kabla?"

"Kabla ya nini, fundi?"

"Mtu husikia kelele ndipo acheke. Wewe ulitangulia."

Valentine alitafuta uongo. Shuleni alikuwa nao wa kila aina, wa kumpa mwalimu wa zamu na wa kumpa matroni, lakini sasa hakuna hata mmoja uliomjia. Tata alikuwa amerudi, amesimama mlangoni.

"Ni mimi," Valentine alisema. "Nilitoa tyubu zako. Nilikuwa namtegea Tata, fundi, si wewe. Lakini mlipoingia na Mzee nilijua kitakachotokea, nikanyamaza."

"Na kwa nini unaniambia mimi?" Oketch aliuliza. "Mimi kazi yangu naijua."

Nje, bodaboda ya Mzee Bosire ilikuwa imeshaanza kuteremka kilima. Valentine alitoka mbio bila viatu, akipaza sauti gizani, "Mzee! Ni mimi! Mzee, si fundi, ni mimi!" na majirani wakafungua madirisha kusikiliza.