Tange Ilipokuja kwa Kiberenge

Jana usiku niliota ndoto ya kiofisi kabisa, ndoto yenye mhuri na nakala tatu.

Mimi naitwa Sikujua Mihayo. Kazi yangu ni kugeuza njia za treni katika stesheni ya Kalangasi, ambako treni hupita mara mbili kwa wiki na abiria hushuka kwa kukosea. Mume wangu Lufungulo na wanetu wawili wako Tabora. Miaka sita nimeomba kuhamia huko, na miaka sita nimejibiwa neno moja: tange. Tange ni orodha inayotupanga kwa tarehe ya kuajiriwa. Aliyetangulia anachagua nafasi kwanza. Tuko mia mbili na kumi na wawili. Mimi ni namba mia mbili na kumi na mbili.

Katika ndoto, Tange yenyewe inakuja Kalangasi kwa kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli. Ni karatasi ndefu iliyovaa tai. Imekaa mguu juu ya mguu.

"Sikujua," inasema, "nafasi yako imechukuliwa."

"Na nani?"

"Na mkubwa wako. Na yake imechukuliwa na mkubwa wake. Angalia mwenyewe."

Nikatazama. Wafanyakazi wote wa reli walikuwa wanakuja kwa mstari mmoja, kila mtu akimsukuma wa mbele yake kwa nyonga. Nyuma kabisa alikuwa Mzee Kapalata wa Tabora, namba moja. Ndiye aliyeyaanzisha yote asubuhi ile, aliposema amechoshwa na kelele na kwamba anataka pengine. Hakuna aliyegombana. Walisukumana kwa adabu.

"Samahani, mdogo wangu, mimi ni wa Machi."

"Bila samahani, kaka. Mimi ni wa Juni."

Aliyenifikia mimi ni Ndaki. Tuliajiriwa siku moja, ila yeye alitia saini kabla ya chai na mimi baada ya chai.

"Dada, sina namna," alisema, machozi yakimtoka.

"Sukuma tu, Ndaki. Ndiyo utaratibu."

Akasukuma. Nikatoka Kalangasi.

"Na mimi nimsukume nani?" nikaiuliza Tange.

"Aliye chini yako."

"Chini yangu hakuna mtu."

Ikajisoma hadi mwisho, ikajigeuza ikajisoma na mgongoni. "Kweli hakuna. Basi endelea kwenda mpaka apatikane."

Naenda. Reli inaishia kwenye gogo la kuzuia mabehewa. Navuka gogo, najikuta jikoni kwetu Tabora. Lufungulo anakaanga vitunguu. Anataka chumvi, anapita katikati yangu kana kwamba sipo, kuifuata.

"Baba, mama anarudi lini?" anauliza Nshoma, mwanetu mdogo.

"Akipata nafasi."

Nataka kusema nipo, niko hapa hapa kando ya sufuria. Lakini sina nafasi, kwa hiyo sina hata pa kuweka sauti. Nshoma anaangalia mlango. Hapo ndipo nilipokasirika, hasira ya miaka sita, ikatoka yote mara moja.

Nikatokea mlango wa nyuma. Nje hapakuwa Tabora. Palikuwa na uwanda mweupe, hauna hata kichaka. Nikasikia vishindo. Mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yalikuwa yananifuata kama kuku, kisha yakanipita na kujilaza mbele yangu moja moja.

"Tunakwenda wapi, mama?" likauliza la kwanza.

"Mbele."

"Sawa," likasema, likalala.

Njia ile mpya ilifika kwenye kiti kimoja cha mbao. Pembeni yake kulikuwa na ubao wa stesheni usio na jina.

"Tarehe ya kuajiriwa?" kiti kikauliza.

"Mwaka wa..."

"Hapa, siyo huko. Njia mpya ina tange mpya. Hapa umefika lini?"

"Sasa hivi."

"Umemkuta nani?"

"Sijamkuta mtu."

"Basi namba moja. Kaa."

Nikakaa.

Haukupita muda, wenzangu wote wakatokea. Walikuwa bado wanasukumana, maana hakuna aliyepewa kibali cha kusimama. Ndaki alifika kwanza, akawa wa pili. Mzee Kapalata alifika mwisho kabisa, akihema. Akaitazama namba yake mpya.

"Mama," akaniambia, "mimi nimebakiwa na nini?"

"Subiri kidogo, mzee. Nachagua mimi kwanza."

Tange ilisimama mbele yangu ikiwa tupu, imeshika kalamu. "Taja nafasi."

"Tabora."

"Tabora haiko kwenye njia hii."

"Na stesheni hii inaitwaje?"

Ikautazama ubao. "Haijapewa jina."

"Jina hutolewa na nani?"

Ikalegeza tai. "Na namba moja."

Nikainyang'anya kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa: TABORA.

Kengele inalia. Nyumba zinakuja na kujipanga, soko linakuja na nyanya zake. Lufungulo anatokea na mwiko mkononi. Safari hii hapiti katikati yangu. Ananigonga kifuani, anasimama hapo hapo.

"Umefika," anasema. "Mchuzi una chumvi nyingi."

Wanangu wananiparamia. Watu mia mbili na kumi na mmoja wanapiga makofi, mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata tange.

Nikamwita Mzee Kapalata. "Unataka kelele au utulivu?"

"Utulivu, mama. Masikio yangu yamechoka."

"Uko Kalangasi. Treni mara mbili kwa wiki."

Akavua kofia. "Niandikie."

Nikamwandikia.

Niliamka jua limeshaingia chumbani. Nilikuwa Kalangasi, peke yangu, na simu ilikuwa inaita. Namba siijui.

"Haloo?"

Sauti ya mtu mzima ikakohoa. "Ni Kapalata hapa, wa Tabora."

Hajawahi kunipigia maishani. Nilidhani hata hanifahamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Samahani kwa kukusumbua mapema. Eti hapo kwenu Kalangasi, maji mnachota wapi?"

Nikamwelekeza kisimani, taratibu, asije akakosea njia. Kisha nikapiga magoti, nikavuta begi kutoka uvunguni.