Émérance Akae Wapi

Barua ya Théophile ilipofika ku biro, miye njo niliifungua. Nilikuwa karani ku ofisi ya teritwari pale Kasongo: kufungua barua, kupiga mashini, kuitika "Ndiyo, Bwana" mara makumi mbili kwa siku. Nilisoma mustari wa kwanza, nikaurudia mara ya pili. Walikuwa wanamwita Ulaya. Miaka mbili ya kusoma ualimu kule Ubelgiji, na Leta, serikali ya Wabeleji, ndiyo itamupeleka na kumulisha.

Théophile! Mutu wa kijiji cha Wamaza, tulikaa benchi moja kwa wapadri miaka sita. Miye nilikuwa wa kwanza kila mwaka. Yeye alikuwa wa tatu, wa ine, na mwaka moja alikuwa wa kumi na moja. Ile nakumbuka muzuri sana, kwa sababu niliiandika. Lakini yeye alibaki mwalimu, miye nilikimbilia biro sababu biro ilikuwa na kiti cha kuzunguka. Sasa Ulaya walikuwa wanatafuta walimu. Hakuna aliyeulizia kiti.

Nilimupelekea habari mimi mwenyewe. Nilicheka sana, nikamupiga ku mugongo, tena nilimupiga kidogo na nguvu.

"Ndugu François," akasema, "unatoka machozi?"

"Ni vumbi."

Ilikuwa katikati ya mvua, barabara yote ya Kasongo ilikuwa matope. Théophile alinikumbatia tu. Ule mutu hakuwa na akili ya kushuku mutu, na ile nayo ilikuwa inanikasirisha.

Kwa kupata paspoti alipaswa kuleta makaratasi ine: ya kuzaliwa, ya munganga, ya tabia njema, na ripoti ya nyumba. Ile ya mwisho njo ilikuwa inatia watu hofu. Bwana Ajenti, muzungu wa biro yetu, anakuja kwako saa sita, anakaa ku meza, anakula na weye, huku macho yanatembea kama kuku mu shamba ya mupunga. Anaangalia choo. Anaangalia kama watoto wanalala ku kitanda. Na kuliko vyote anaangalia bibi. Kama bwana anakula ku sebule na bibi anakula ku jikoni, sawa wazee wetu wote walivyokula, basi ripoti imekufa, na safari imekufa nayo.

Miye nilipita mutihani ule miaka mbili iliyopita, siku niliomba karte ya evolue, ile ya mweusi anayehesabiwa amestaarabika. Nilishinda. Tena nilikuwa na fursheti sita, visu sita na kitambaa cha meza cheupe. Njo maana siku ya posho, Jumamosi, Théophile alikuja kwangu na bibi yake Émérance, wote wawili wamevaa sawa watu wanaokwenda kuposa.

"Ndugu, Bwana Ajenti atakuja kwetu siku ya pili ya juma," Théophile akasema. "Utukopeshe fursheti. Tena utufundishe, weye ulipita kule."

Bibi yangu Feza akatoka na fursheti mbele sijajibu. Alikuwa amezifungia mu gazeti tangu ile siku ya mutihani wangu.

"Chukueni, chukueni!" akasema. "Hapa zinafanya kutu. Mutu wetu anakwenda Ulaya! " Akanigeukia. "Baba Mado, weye umefika wapi?"

"Nimefika Kindu."

"Kindu, hapa karibu," Feza akamwambia Émérance, na wote wawili wakaanza kucheka.

"Mara mbili," nikasema.

Ile njo iliwaongeza kucheka mpaka Feza akashika mulango.

Basi niliwafundisha. Fursheti mukono wa kushoto, kisu wa kuume. Musipulizie supu. Musiweke mufupa chini ya meza, hata mbwa akiomba. Niliwafundisha muzuri, kila kitu cha kweli, na Théophile alikuwa anaandika mu kaye, daftari yake, sawa mutoto wa darasa la kwanza. Kisha Émérance akauliza. Alikuwa mwanamuke wa maneno kidogo, mwenye kuangalia mutu mu macho.

"Shemeji, na miye? Nitakaa ku meza, ao nitakula ku jikoni?"

Ilikuwa jambo la neno moja. Mu kichwa niliona Théophile amevaa koti, anashuka mu meli, mukono mu mufuko. Nikasikia Feza: umefika wapi?

"Ku jikoni, mama," nikasema. "Muzungu anapenda heshima. Leta chakula, salimia, rudi jikoni."

Théophile akaandika. Nilimuangalia akiweka nukta.

Unaona uzuri wa uwongo ule? Haukuwa na harufu. Ilikuwa desturi yetu. Mutu yeyote wa Kasongo mpaka Kabambare angeitika kwa kichwa. Kwangu pia, ukweli wa Mungu, Feza alikaa ku meza siku moja tu, ile ya Bwana Ajenti, na alikaa sawa mutu anayengoja kung'olewa jino. Kesho yake alirudi jikoni na mudogo wake Aziza, na miye nikarudi kula peke yangu, nikiwasikia wanavyocheka kule.

Siku ya pili ya juma, saa sita, Bwana Ajenti alipanda kinga, baiskeli yake, miye nyuma na yangu, karatasi ya ripoti mu mufuko, kwa sababu kazi ya kuandika ilikuwa yangu. Nilikuwa ninaimba. Tulipofika, nyumba ilikuwa imefagiliwa mpaka inatia huruma. Kitambaa changu ku meza. Fursheti zangu zinang'aa kuliko siku yoyote kwangu. Wali, kuku, sombe ya majani ya muhogo. Na viti vitatu: cha Bwana, cha Théophile, na changu.

Émérance akaleta maji ya kunawa, akasalimia muzuri, akaingia jikoni.

Tulikula. Théophile hakukosa hata moja. Alikata kuku yake polepole sawa munganga anapasua mutu, hakupulizia, hakuangusha. Bwana Ajenti alianza kutabasamu, kisha akahesabu viti kwa macho, na kutabasamu kukaisha.

"Na madamu?"

"Yuko jikoni, Bwana," Théophile akajibu, na furaha yote ya mutu anayejua jibu. "Anakula kule. Ni kwa heshima."

Bwana Ajenti akaweka fursheti chini. Hakukasirika, ile njo ilikuwa mubaya. Alichoka tu, sawa mutu aliyekuta shimo lilelile mu barabara.

"Andika, karani. Nyumba safi. Bwana anajua meza. Bibi anakula jikoni. Arudi kuomba kisha miaka mitatu."

Kisha miaka mitatu! Théophile alikuwa na miaka makumi tatu na moja, na barua ilisema kama mutu akipita makumi tatu na mbili hawamukubali. Miye niliisoma, miye niliifungua. Théophile aliangalia kaye yake pale dirishani, sawa nayo ingemusaidia.

Na Émérance alikuwa amesimama ku mulango wa jikoni. Alisikia yote. Hakumuangalia Bwana Ajenti, hakumuangalia bwana wake. Aliniangalia miye.

Niliandika "Bibi." Kalamu ikasimama pale.

"Bwana," nikasema, "ni miye niliwaambia vile."

"Weye? Sababu gani?"

Pale nilikuwa na majibu mawili. Moja ilikuwa wivu. Ile singeweza kuitoa hata kwa padri. Nikatoa ya pili, nayo ilikuwa kweli vilevile.

"Sababu kwangu, Bwana, bibi anakula jikoni. Alikaa ku meza siku moja tu, ile ulikuja. Mama huyu aliuliza akae ku meza. Ni miye nilimukataza."

Nilikuwa ninasikia karte yangu inapata moto mu mufuko wa shati. Kisha Bwana Ajenti akatoka ku kiti, akachukua kimoja kilichokuwa ku ukuta, akakisukuma ku meza.

"Madamu, ukae."

Émérance akakaa. Akachukua fursheti yangu, mukono wa kushoto, na akakula paja ya kuku yote bila kuharakisha, sisi wanaume watatu tunangoja.

"Futa ile mustari," Bwana akaniambia. "Na weye, tangu leo nitapita kwako saa sita. Siku yenyewe sitakuambia."

Siku Théophile alipanda lori ya Kindu, alinishika mbele ya watu wote. "Ndugu, ulivunja jina lako kwa sababu yangu!" Alikuwa analia kweli. Niliomba ardhi inimeze, na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa ninaangalia koti yake mupya.

Lori ilipoondoka, Émérance akasema kwa sauti ndogo:

"Shemeji, siku ile ya posho ulijua."

"Nilijua."

"Basi kuni zangu zitahitaji mutu wa kupasua. Miaka mbili."

Nilipasua. Bwana Ajenti naye alipita mara ine, kwa hiyo Feza anakula ku meza kila siku, anachukua finyango ya nyama ya kwanza, na anaongea.

Barua ya kwanza ya Ulaya, Émérance alikuja kutusomea pale ku meza. Baridi inakata masikio. Tena kule, Théophile aliandika, aliona bwana wa nyumba anaosha sahani.

"Baba Mado, umesikia ile?" Feza akasema.

Nilijifanya kutafuna. Émérance akaendelea. Théophile anasema kama mu muji ule kuna nyumba moja ya vitabu, imejaa kutoka chini mpaka paa, mutu yeyote anaingia, anachukua, anakaa, anasoma mpaka jioni, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi.

Alikuwa amefika kwa salamu za mwisho. Niliweka fursheti chini.

"Mama," nikasema, "usome tena pale pa nyumba ya vitabu. Polepole."