Wifi na Tumbo la Mtoto wa Farasi

Kwetu mlango haujui kufungwa. Siku ile kaka yangu aliita nusu ya mtaa waje wanywe chai na wamwone akimpa dawa mtoto wa farasi, maana kaka hafanyi jambo bila watazamaji, hata kunyoa ndevu.

Mtoto mwenyewe alikuwa na tumbo kama ngoma, mbavu nje, manyoya yamesimama hovyo. Wageni wengine wakasema kanenepa. Daktari wa mifugo alikuwa amepita asubuhi, akasema ni minyoo, tena wengi mno. Akampa dawa nyepesi, akaonya: mkimpa ile kali sasa, watakufa wote kwa mpigo, wajisokote kama fundo la kamba, wazibe utumbo. Kaka aliitikia vizuri sana. Daktari alipokata kona tu, akatoa bomba la dawa kali alilojinunulia dukani.

"Hiyo nyepesi ni ya kumpa sababu ya kurudi," akatuambia. "Mimi namaliza leo."

Mwaka jana alimaliza hivyohivyo. Mtoto wa kwanza alijigaragaza mchana kutwa, jioni tukamfukia. Wote wawili wamezaliwa na farasi jike wa mke wake, wifi yangu, aliyekuja naye alipoolewa. Wifi ndiye aliyemshika yule kichwa mpaka pumzi ikakatika.

Safari hii wifi alivuta ndoo, akaipindua, akakaa mlangoni mwa banda.

"Nipishe, mke wangu."

"Sikupishi."

"Watu wanatuangalia."

"Si umewaita waangalie? Acha waangalie."

Watu wakaangua kicheko. Jirani yetu seremala, mdomo wake haujawahi kulala, akasema, "Bwana mkubwa, leo umekutana na serikali." Mimi, dada mtu, nilitakiwa niwe upande wa kaka. Nikajifanya namimina chai.

Kaka akamtuma mama.

"Mwanangu," mama akamwambia wifi, "usimwaibishe mumeo mbele za watu. Mpishe, mtaongea ndani."

"Mama, nakuheshimu na unajua. Lakini ndani tuliongea mwaka jana."

Mama akamtazama mwanawe kwa muda. Kisha akaniagiza kigoda, akakaa palepale ubavuni mwa wifi. "Magoti yananiuma," akasema. "Mimi leo siinuki hapa."

Kaka akazunguka nyuma, akajaribu dirisha la banda. Hilo mtaa utalisimulia mpaka tuzeeke. Kiuno na dirisha havikuelewana. Akabaki nusu ndani, nusu nje, seremala akimshauri avue mkanda. Wifi akaingia taratibu, akamtoa bomba mkononi, akalikamulia lote kwenye samadi mpaka likalia. Halafu akarudi mlangoni kwake.

Kesho yake asubuhi minyoo walianza kutoka kwenye kinyesi, weupe, warefu kama penseli, na mtoto wa farasi akaenda kunyonya. Kaka alikuwa wa kwanza kuwagongea majirani.

"Njooni muone. Si nilisema nitawamaliza?"

Wifi hakuinua hata kichwa, alikuwa anasafisha banda. "Hujamaliza kitu. Wengine bado wamo. Daktari anarudi, na dozi ijayo namshikia mimi. Wewe kaa na wageni wako."

Kaka akatutazama, mimi na mama, akitafuta wa kuwa upande wake. Mama alikuwa ameshachukua ufagio.