Gari Lisilokohoa

Gari lilikuwa limeshatoka getini, na mama bado alikuwa anaongea nalo.

"Si lazima leo," alisema, mkono juu ya fremu ya dirisha la sebule. "Lakini chumba chako kiko vilevile, baba. Nyumba hii imenizidi peke yangu. Hamia. Haya, nimesema, cheka sasa."

Hakuna aliyecheka. Macho ya mama yalishapofuka zamani, na kwake safari ya mwanawe ilianza pale gari lilipokohoa. Teksi ya zamani ya mwanawe waliibatiza Kikohozi: ikiwashwa tu, vikombe vinacheza kabatini. Maneno mazito mama aliyabakiza mpaka hapo, injini inapopata moto, apate pa kuyafichia. Sasa mwanawe huyo, kitinda mimba wake, kanunua gari la umeme. Leo mama alingoja kikohozi wee, hakikuja, akaona bora aseme tu.

"Mama," jirani yake, fundi cherehani, akamwita kutoka barazani kwake, ng'ambo ya ukuta, "huyo unayembembeleza kashafika lami."

"Kaondoka? Mbona hakuwasha?"

"Aliwasha. Hilo likiwaka halisemi."

Mama akafunga dirisha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Juma lililofuata mwana alirudi na spika chini ya bampa. Watembea kwa miguu walishaanza kumtukana kwa kuwanyatia, akaenda gereji kufungiwa sauti. Gari liliingia uani polepole likivuma, vuuu.

"Hiyo friji umeibeba ya nini?" mama akauliza.

"Ndiyo sauti yangu hiyo, mama. Ukiisikia, ujue nipo." Akaingia, akavuta kiti, akakaa. "Jirani kaniambia siku ile ulinisemesha nimeshaondoka. Ulikuwa unasemaje?"

Mama alipapasa kikombe chake. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini sebule ilikuwa kimya mno, hapakuwa na injini ya kulifunika.

"Nilikuambia ufunge geti."

"Nililifunga."

"Basi."

Mwana aliendelea kuja kila Jumapili, halafu kila mwisho wa mwezi. Alipanga nyumba karibu na kituo cha kuchajia magari, akaoa hukohuko. Fundi cherehani hakumwambia mtu maneno yenyewe aliyoyasikia, aliona hakimhusu, baadaye alihama. Kikohozi kiliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama alifia nyumbani kwake, kitanda cha chumba cha mwanawe kimetandikwa. Spika ya gari la mwanawe bado inavuma.